Ambrose wa Pili

Februari 8

Usiku kumeganda, mchana theluji inadondoka kutoka kwenye paa. Utomvu wa sukari umeanza kupanda mitini. Saa mbili asubuhi Warren alisimama mlangoni na keekee yake ya kutobolea miti mkononi, hakuvua kofia, akasema, "Leo." Nikamjibu, "Naona." Hizo ndizo salamu zetu kwa miaka ishirini na mitatu.

Daftari hili nimelianza kwa sababu ya simu ya Joanna, binti yake aliyeko Arizona. Mwisho wa Aprili anamhamishia baba yake huko jangwani, na si kwa matembezi. Warren mwenyewe hajanigusia. Kwa hiyo huu ndio msimu wetu wa mwisho, na mimi inanipasa nijifanye sijui. Nilimwambia Joanna ni uamuzi mzuri, kwa ajili ya kifua chake. Nilipokata simu nikaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Februari 9

Matundu mia mbili na kumi kwenye miti, ndoo mia mbili na kumi za kukingia utomvu. Mgongo si wangu tena.

Februari 12

Atakayesoma haya asipotee. Warren ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Ana miaka sabini na sita, mimi sabini na miwili. Babu alipokufa aliacha wosia wa vichekesho: msitu wa miti ya sukari akampa baba yake Warren, na kibanda chenye tanuri na karai la kuchemshia shira akampa baba yangu. Basi Warren ana utomvu na hana pa kuuchemshia, mimi nina karai na sina cha kutia ndani. Na utomvu haumsubiri mtu. Ukikaa siku mbili tatu unachacha. Ndiyo maana kila mwaka, kwa wiki sita, watu wawili wasiosemezana husimama pande mbili za karai moja wakisema "kuni," "povu," "imeiva," na hakuna zaidi.

Tuliyegombana kwa ajili yake alikufa zamani mno. Ni Ambrose Tuckwell, aliyeshuka melini kutoka Uingereza mwaka 1635, akaja kujenga kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe, na sisi akina Tuckwell wote wa bonde hili tumetoka kwake. Yeye je, alitoka wapi? Kijitabu cha ukoo cha mwaka 1894 kinasema Suffolk, kwa waungwana wenye nembo ya korongo watatu. Warren anasema alitoka Marlcombe, kijiji cha Dorset, mtoto wa mtengeneza ngozi. Huyo mtengeneza ngozi katika wosia wake alimwachia kisu cha kukwangulia ngozi "mwanangu aliye ng'ambo ya bahari," bila kutaja jina. Na Ambrose wetu alipokufa aliacha visu vitatu vya namna hiyo hiyo. Juu ya hayo kuna maneno ya bibi yetu, ambaye alikuwa akisema kwamba Ambrose "alivaa jina la marehemu." Maana yake hakuijua hata yeye.

Mwaka 2001, kwenye mkutano wa ukoo, mbele ya watu themanini, niliwasomea yaliyomo katika rejista ya kanisa la Marlcombe. Ambrose mwana wa Richard Tuckwell, kabatizwa Machi 3, 1611. Ambrose mwana wa Richard Tuckwell, kazikwa Desemba 12, 1611. "Miezi tisa," nikasema. "Na maiti haipandi meli." Watu wakacheka. Warren akasimama, akaanza, "Lakini Bibi alisema—" Nikamkata hapo hapo: "Bibi alisema pia kwamba mwezi ni jibini." Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Warren akachukua kofia yake akatoka.

Nimekuwa karani wa mji huu miaka thelathini na mmoja. Vizazi na vifo vyote vilipita mkononi mwangu. Nilikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi haombi radhi.

Februari 13

Upepo wa kaskazini. Hakijadondoka kitu.

Februari 15

Dot Farnham, mwenyekiti wa jumuiya ya ukoo, kaja na donati. Jiwe la kaburi la Ambrose lilipasuka kwa barafu mwezi uliopita, na mchonga mawe anataka maneno ya jiwe jipya kabla ya Machi 25.

"Yaandike wewe, Lyddie. Ila tafadhali, usiandike kitu cha kumliza tena Warren."

"Warren hajawahi kulia."

"Wewe siku ile ulikuwa unaangalia makaratasi yako. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango."

Nikamuuliza kama anataka chai nyingine. Hakutaka.

Februari 16

Nimemwandikia mzee wa kanisa la Marlcombe, bwana mmoja aitwaye Clement Yeo, anipigie picha kurasa zenyewe za rejista. Mwaka ule nilitumia nakala iliyopigwa chapa na mtu mwingine. Kilichomo nakijua. Nataka tu picha, niiweke mbele ya pua ya Warren kabla hajapanda ndege, ili aende Arizona akijua. Ni roho mbaya. Barua nimeituma hivyo hivyo.

Februari 21

Tumechemsha kwa mara ya kwanza. Mvuke umejaa kibandani mpaka sikumwona uso, nikaona kofia tu, ile ya kijani yenye harufu ya mafuta ya msumeno. Warren huja na chupa ya chai yenye vikombe viwili. Kimoja anakinywea, kingine hukiweka juu ya rafu, na jioni anaondoka nacho. Hana akili ya kubeba kimoja.

"Povu."

Nikadondosha kipande cha siagi, likatulia.

"Imeiva."

"Bado," nikasema.

"Imeiva, Lyddie."

Ilikuwa imeiva. Tumepata chupa kumi na sita, rangi ya dhahabu.

Februari 22

Chupa kumi na moja.

Februari 27

Mvua. Mvua mwezi wa pili! Njia yangu ya kwenda kibandani ingekuwa tope tupu, lakini mtu ameitandika mbao. Nilidhani ni jirani, nikaenda kumshukuru. Akanishangaa. Anasema kila mwaka humwona Warren akizitandika, saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijaamka.

Machi 2

Bwana Yeo amejibu. Ni mcheshi. Anasema rejista imehifadhiwa kwenye sanduku la chuma, na funguo anazo mama mmoja ambaye yuko likizo. Nisubiri wiki moja. "Ambrose amengoja miaka mia nne," ameandika, "wiki moja haitamdhuru."

Machi 5

Baridi kali, ndoo zimeganda. Warren alikuja kuzitazama, akakohoa kwa muda mrefu akiwa ameshika mti. Nilimwangalia kutoka dirishani. Nilitaka kutoka na shali, nikajiuliza nitamwambia nini nikifika, nikabaki ndani.

Machi 9

Picha zimefika saa nne asubuhi kwa barua pepe. Sasa ni saa tisa alasiri na bado nimekaa nazo hapa. Niandike kwa utaratibu, kama karani.

Ukurasa ni mmoja mrefu. Juu kabisa mwandishi wa kanisa ameandika mwaka, 1611. Mstari wa kwanza ni wa Machi 25. Inafuata Aprili, Mei, na kuendelea. Desemba 12: kazikwa Ambrose mwana wa Richard Tuckwell. Chini yake inakuja Januari. Inakuja Februari. Halafu, karibu na ukingo wa chini, Machi 3: kabatizwa Ambrose mwana wa Richard Tuckwell. Hapo mwandishi kapiga mstari, na chini ya mstari kaandika 1612.

Waingereza wa zama zile hawakuanza mwaka Januari. Mwaka wao ulianza Machi 25. Kwa hiyo Machi 3 ya 1611 haikutangulia Desemba ya 1611. Ilikuja baada yake. Mtoto aliyezikwa Desemba si yule aliyebatizwa Machi, maana yule wa Machi alikuwa hajazaliwa.

Na hili jambo nalijua! Nimewahi kumrudishia mwalimu wa historia makala yake kwa kosa hili hili, na wino mwekundu. Lakini aliyepiga chapa ile nakala alisema kwenye dibaji kwamba miaka yote ameigeuza iwe ya kisasa. Nilimwamini. Hakuigeuza. Nami sikutafuta ukurasa wenyewe, kwa sababu jibu nililolipata lilinipendeza.

Bwana Yeo ameongeza picha nyingine bila kuombwa, Mungu ambariki. Mwaka 1609, kabatizwa Ambrose mwana wa Richard na Joan Tuckwell. Huyo ndiye wa kwanza, aliyekufa Desemba akiwa na miaka miwili. Mama yake alisimama kaburini na mimba ya miezi sita. Machi akajifungua mvulana, wakampa jina la yule waliyemzika. Mvulana huyo hakuzikwa Marlcombe, wala hakuoa pale. Bwana Yeo amepekua miaka sitini, hamwoni. Mtoto mwingine wa kiume nyumbani mle ni Richard mdogo, na huyo hakutoka kijijini maisha yake yote. Basi mwana aliye ng'ambo ya bahari ni mmoja tu.

Alivaa jina la marehemu. Bibi alikuwa akituambia jambo lililosafiri vinywani mwa watu miaka mia tatu bila kuharibika, nami nikalifanya jibini. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto, peke yangu, jikoni kwangu.

Machi 10

Baada ya ibada nilikwenda makaburini kutazama jiwe lililopasuka. Sikukaa hapo. Miguu ilinipeleka safu ya tatu, penye kijiwe kidogo nilichokijua tangu nina miaka mitano. Warren Tuckwell, 1946, siku kumi na tisa.

Warren wetu amezaliwa 1948. Wote wawili wamo katika vitabu nilivyovitunza mimi. Baba mkubwa na mkewe walimpa jina la kaka yake, desturi iliyobaki kwenye ukoo wetu wakati wengine walishaiacha. Kila msimu wa majani kudondoka mama yake alimshika mkono, wakaja kusafisha jiwe lenye jina lake mwenyewe. Na mimi nilipokuwa na miaka saba nilimkimbiza uani nikiimba, "Warren umeshakufa! Warren umeshakufa!" Nilikuwa nimesahau. Nimekumbuka leo, hata wimbo wake.

Halafu nikiwa mtu mzima nikasimama ukumbini nikasema maiti haipandi meli. Warren hakuwa anatetea mtengeneza ngozi. Alikuwa anajua, mwilini mwake, kwamba jina linaweza kuwa la watoto wawili, mmoja kaburini na mmoja anakula uji. Alikuwa anataka kuniambia hivyo tu. Miaka ishirini na mitatu nimemwita kichwa ngumu.

Machi 11

Nilisema "kuni." Alisema "povu." Nikarudi nyumbani.

Machi 12

Vile vile. Mimi ni mwoga.

Machi 13

Niliandika barua. Niliichana, ilikuwa na tanbihi sita.

Machi 14

Nimemwambia.

Ilikuwa saa nane mchana, karai limejaa, moto unanguruma. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yakatoka haya:

"Warren, nilikosea."

"Umeweka kuni nyingi?"

"Si kuni. Ambrose."

Akaacha kukoroga. Nikamweleza yote, mwaka unaoanza Machi, ule mstari wa chini, 1609, mimba ya Joan. Hakunitazama. Alitazama mvuke.

"Hebu sema tena hiyo ya Desemba."

Nikasema tena.

"Kwa hiyo wa Machi ni mwingine."

"Ni wa pili. Alivaa jina la marehemu, kama Bibi alivyosema. Kama ulivyotaka kusema wewe." Nikaweka ukuni chini. "Na nilikwenda safu ya tatu, Warren. Nililiona lile jiwe dogo. Nikakumbuka nilichokuimbia tukiwa watoto. Siku ile ukumbini sikuunganisha, na nilipaswa kuunganisha, mimi niliyeandika watu wote wa mji huu. Nisamehe."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kukohoa, hakukohoa.

"Mama alikuwa akisafisha lile jiwe," akasema, "halafu ananisafisha na mimi mikono kwa kitambaa hicho hicho. Kila mwaka. Nilidhani ananiandaa." Akageukia moto. "Bibi ndiye aliyenitoa hofu. Akaniambia, we mtoto, babu yetu wa kwanza alikuwa wa pili kama wewe, na tazama, sisi sote tupo. Basi nikawa nayashika hayo. Wewe ukaja na makaratasi yako ukasema babu huyo hakuwepo."

Nilikuwa nalia, na sikuona haya. Ndipo harufu ikatufikia.

"Lyddie! Karai!"

Tuliruka wote wawili, wazee wa miaka mia na arobaini na nane tukijumlishwa. Mimi nikavuta kuni nje, yeye akamwaga ndoo ya utomvu baridi, moshi mweusi ukatupiga usoni. Tulipoona tena, chini ya karai kulikuwa na lami. Siku nzima ya utomvu imekwenda. Katika maisha yake yote Warren hajawahi kuunguza karai, wala mimi.

Akasimama akilitazama, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni kifua. Kumbe anacheka.

"Miaka ishirini na mitatu nakungoja useme neno moja zaidi ya 'kuni,'" akasema akijifuta macho, "na siku unalisema unaniunguzia shira!"

"Uliacha kukoroga wewe!"

"Mimi? Nani aliyeniletea habari za mwaka 1611 shira ikiwa mbioni kuiva?"

Tulicheka mpaka yeye akakohoa kweli, nikampiga mgongoni. Kisha akakitoa kile kikombe cha pili kwenye rafu, akakipuliza majivu, akanimiminia chai. Nikamuuliza kwa nini anakibeba siku zote. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Kilikuwa chako," akasema.

Machi 15

Tumekwangua karai kutwa nzima. Tumeongea mpaka sauti zimekauka. Ana maoni juu ya kila mtu mjini, na karibu yote ni sawa na yangu.

Machi 16

Jioni ya shira na theluji, ukumbi wa mji. Theluji ya mwisho tuliikusanya nyuma ya kanisa, upande wa kivuli. Meza ndefu, shira ya moto inamwagwa juu ya theluji inakuwa nyuzi, donati pembeni na matango ya siki ya kukata utamu. Nilimwomba Dot nafasi kabla watu hawajashiba.

Nikasimama mahali pale pale pa mwaka 2001. Nikasoma ukurasa wa Marlcombe kutoka juu hadi chini, nikasema kosa ni langu, si la mtu mwingine, na kwamba Warren Tuckwell alikuwa na ukweli nami nikamnyang'anya ili mcheke. Niliisikia shira ikichemka jikoni.

Kisha sauti kutoka nyuma, ya mtu mwenye tango mdomoni:

"Na mwezi je, Lyddie?"

"Mwezi bado nauchunguza!"

Kicheko kile sitakisahau. Watu walikwenda kumshika Warren mkono mmoja mmoja. Dot akanishika mimi kiwiko: "Sasa vile vikombe vya ukoo, dazeni sita, vyenye korongo watatu, nivipeleke wapi?" Nikamwambia korongo nao wana haki ya kunywa chai.

Nimelala kama mtoto.

Machi 18

Tumeandika maneno ya jiwe pamoja, mezani kwangu. Warren alitaka visu vichongwe pia. Nimekataa, tukabishana, ameshinda. Litasomeka hivi: Ambrose Tuckwell, wa pili kwa jina hilo, mwana wa Richard na Joan wa Marlcombe. Na kisu kimoja, kidogo. Bwana Yeo ameomba picha likishasimamishwa, akatundike kanisani.

Machi 20

Vyura wameanza kelele bondeni. Utomvu una ladha ya machipukizi. Msimu umekwisha.

Machi 24

Tumeng'oa mirija yote mitini, tumeosha ndoo, karai limegeuzwa juu chini. Kazi ilipokwisha sikuweza tena kujifanya.

"Joanna aliniambia," nikasema.

"Najua. Aliniambia kwamba amekuambia."

"Na ukanyamaza!"

"Na wewe je?"

Hilo nalo ni kweli. Nikajishughulisha kukunja gunia.

"Nimempigia jana," akasema. "Nitakaa kwake, kifua kinapenda joto. Lakini utomvu ukipanda narudi, kila mwaka, mpaka nishindwe kushika keekee. Nimemwambia siwezi kumwachia karai mtu mwenye historia ya kuunguza."

Nikamwambia historia hiyo ni ya watu wawili. Nilisema kwa ukali, kwa sababu sikutaka aone furaha yangu. Mzigo nilioubeba tangu ile simu ya Februari umeshuka, na ule wa zamani zaidi umeshuka nao.

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama pale pale anaposimama kila mwaka. Akavua kofia. Nywele zimebaki chache kuliko nilivyodhani.

"Kwa hesabu ya Ambrose, leo ndiyo siku ya mwisho ya mwaka," akasema. "Kesho Machi 25. Heri ya mwaka mpya, Lyddie."

"Heri ya mwaka mpya, Warren."

Alipokwisha kushuka njia ya mbao nikarudi ndani kufunga dirisha. Chupa ya chai ameiacha juu ya rafu, na vikombe vyote viwili.